Niliandika «Yote» Siku ya Kumaliza Kilio

Bintu, mwana wani,

Ni mimi tonton yako Bisimwa, ndugu ya mama yako, tayeri wa Kadutu, mutu ambaye makoti yake yanajulikana mpaka Minova. Usicheke. Kule Minova kuko muzee alisalimia koti langu mbele ya kunisalimia mimi, na mashahidi wako, hata kama wote wamehama.

Nimefunga duka mchana huu, mashini ya kushona nimeifunika na kitambaa chake, nimekamata bic. Habari niko nayo ni ya furaha, kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho. Usifanye kama zamani, unasema «tonton, fupisha» wakati mimi hata mlango wa habari sijaufungua.

Mwaka mmoja umepita tangu homa ile ikubebe. Kilio tumemaliza. Na majina uliyoyaandika hayakufutwa. Ndiyo habari yenyewe, lakini mimi si mutu wa kukupatia nguo bila kukuonyesha namna nimeishona.

Wacha nianzie mbali kidogo. Ulipokuwa mudogo ulikuwa unakuja hapa dukani kisha masomo, unakaa chini ya meza, na kazi yako ilikuwa kutosha uzi wa kushikiza, kuuondoa. Ule uzi mweupe, mshono mukubwa mukubwa, tunaupitisha ili koti lisimame tuone kosa liko wapi. Begani, kwapani, mugongoni. Kisha tunashona kweli, na uzi mweupe unatoka. Ulikuwa unauvuta polepole, ulimi nje, kama mutu anatosha mufupa mu samaki ya sambaza. Miaka ikapita, ukasoma, ukarudi na ordinateri, ile kompyuta yako, mukononi, ukasimama hapa hapa, ukaniambia:

«Tonton, moteri yangu nayo iko na uzi wa kushikiza. Naita vipimo.»

Tangu siku ile naambia kila mutu kwamba mimi ndiye nilivumbua vipimo. Na sioni mwenye atanikatalia.

Watu wanasema Bintu alitengeneza muchezo wa telefone. Mimi nawasahihisha, hata kanisani niliwasahihisha: Bintu alitengeneza moteri, muchezo ni gari limepandishwa juu yake. Muchezo watu wanaufahamu bila kuelezwa: mama anatoka Nyantende na kitunga cha ndizi mugongoni, kamba ku paji la uso, anapanda mpaka soko ya Kadutu, mvua inamupiga, matope yanamuteleza, motari wa pikipiki wanamukata njia. Na pale ku kona ya mwisho kunasimama mwanaume mumoja wa kofia, anahadisia namna alivuka Ruzizi kule Mumosho na mashini ya kushona juu ya kichwa, mamba nyuma yake. Ukisimama kumusikiliza, ndizi zinaiva na unashindwa.

Nilikuuliza: «Mwanaume ule ni nani?» Ukasema: «Mutu tu, tonton.» Mutu tu! Na kofia yangu! Na mamba yangu umeipunguza mpaka mita tano!

Vipimo ndivyo sikuvielewa mara moja. Ukaleta kiti, ukanionyesha. Kila kazi ya moteri umeipa jina, na mu telefone kila jina linatokea kama mustari. Kazi ikienda haraka, mustari ni mufupi na ni kijani. Kazi ikichelewesha wengine, mustari unarefuka, unakuwa mwekundu. Na majina ulikuwa unaandika mwenyewe, kwa Kiswahili chetu. Mvua uliita mvua_ya_kadutu. Motari uliita bila_freni. Ukanichagua mimi mupimaji, kwa sababu telefone yangu ilikuwa yenye nguvu kupita zote za muji. Ilianguka toka juu ya kamio, ikalia mbele ya kufika chini, nikaijibu. Wewe ulikuwa na sababu ingine: «Kama muchezo unatembea mu telefone ya tonton, utatembea kwa kila mutu.» Sikuchukua vibaya. Mutu mukubwa anajua kuchukua.

Na ukanifundisha kuamuru. Amri yenyewe uliita «shona», kwa heshima yangu. Unaandika shona muchezo, unangojea kidogo, muchezo unatoka safi, mwepesi, hakuna uzi hata moja ndani. Unaandika shona muchezo na vipimo-kioo, unatoka na mistari yake juu ya kioo. Unaandika shona muchezo na vipimo-daftari, hauonyeshi kitu, lakini unaandika kila kazi mu daftari ya ndani ya telefone, usome kisha. Mwenye hakuomba hapewi. Na ku kijitabu chako cha bluu uliandika kwa bic nyekundu, mara mbili: Usiwashe vyote viwili pamoja. Nilikusoma. Mungu ni shahidi, nilikusoma.

Sasa, kisha wewe kuenda, kazi ilibaki kwa Akonkwa, mwenzako wa masomo, ule murefu ambaye ulikuwa unagawanya naye ordinateri. Mutoto muzuri, ananyamaza kama mutu analipia maneno. Alikaa juu ya moteri miezi mingi. Kisha kituo kimoja cha vijana cha hapa muji kikakubali kuonyesha muchezo, mbele ya watu, kila mutu na telefone yake. Akonkwa akakuja hapa dukani, hakukaa. Muchezo unakwama ku kona ya mwisho, akasema. Mu ordinateri unatembea vizuri, lakini mu telefone ndogo mama anaganda, kitunga kinaganda, mvua inaganda hewani.

«Tonton, nafikiri ni vipimo. Hata visipoombwa, nafikiri vinaacha uzito. Viko kila pahali, Bintu aliviweka mu kila kazi. Nitavifuta vyote.»

«Na majina?»

«Majina yanaenda navyo.»

Bintu, nilikuwa na sindano mudomoni, ilikaribia kuingia. Nikamuambia haiwezekani. Akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulinichoma: «Tonton, wewe mwenyewe unatoshaka uzi wa kushikiza.»

Alinifunga na uzi wangu mwenyewe. Mimi! Mutu aliyemukatalia kolonele suruali! (Kolonele hakuwa, lakini alikuwa na sauti ya kolonele.) Nikatengeneza sababu: ngojea kwanza tumalize kilio, kuko haraka gani, mutoto hafutwi mbele ya kilio chake kuisha. Akakubali. Ilikuwa imebaki juma mbili.

Sasa nikuambie juu ya mama yako. Dada yangu tangu tukuzike hakutaja jina lako. Hata mara moja. Anasema «ule mutoto», anasema «kitanda cha kule», anazunguka jina kama mutu anazunguka shimo la njia. Watu wakitaja, anainuka, anaenda kupanga masahani yaliyokwisha kupangwa. Nguo za kumaliza kilio nilizishona mimi zote, liputa moja, kitenge cha jamaa nzima, bluu na ndege weupe, mashini iliota moto mpaka nilikaangia yai juu yake. Yeye nilipomupima alisimama kama mulingoti. Nikafikiri, mimi Bisimwa nitamutosha mwanamuke huyu mu kilio na nini? Liputa haitoshi.

Nikafikiri: muchezo. Siku ile, watu wakikwisha kutosha nguo nyeusi, kila mutu aingize muchezo wa Bintu mu telefone yake. Nikatangaza kwa wote, nikapandisha kifua. Akonkwa akasema sawa, lakini asubuhi ile alikuwa anaenda Nyantende kuchukua kasigsi, pombe ya ndizi, ya wageni. Akaniachia ordinateri yako, akaandika ku karatasi: shona muchezo. Maneno mawili. «Usiongeze kitu, tonton.»

Nikakaa mbele ya ile ordinateri. Kule inje wamama walikuwa wanapika nyama, sombe, wali, maharagi, bugali inageuzwa na watu wawili. Mimi nikaangalia karatasi. Shona muchezo. Nikasema moyoni: hivi tu? Siku ya kumaliza kilio cha mutoto wetu, mugeni anapewa nusu? Kwetu ukimupa mugeni nyama bila muchuzi, habari inafika Mumosho mbele yake. Na nilikumbuka kwamba ku mwisho wa amri mutu anaweza kuandika neno lingine. Wewe mwenyewe ulinionyesha.

Nikaandika: shona muchezo na yote.

Ikashona. Ilichukua muda murefu, nikafurahi, nikasema nguo nzuri haiharakishwi. Nikaweka mu telefone yangu, yangu ikapatia ya shangazi yako, ya shangazi ikapatia ya wakwe, na mbele ya wali kuiva telefone karibu arobaini za lupango lote, kiwanja chetu kizima, zilikuwa nao. Padri akabariki, nguo nyeusi zikatoka, liputa ya bluu ikaingia, uwanja ukawa kama ziwa. Nikapanda juu ya kiti, nikasema: «Sasa mufungue, muone mutoto wa jamaa yetu alifanya nini!»

Wakafungua.

Kwanza telefone zikaota moto. Mutu moja akaiweka mu mufuko, akaitosha mbio. Ingine ikasema haina tena nafasi, juu daftari ya ndani inaandika, inaandika, haipumui. Akonkwa alikuwa anashuka na bidoni ya kasigsi, akaona, bidoni ikabaki hewani. «Tonton, uliandika nini?» Nikasema: «Yote.» Akafunga macho.

Lakini watu hawakuwa wanaangalia moto. Walikuwa wanaangalia kioo. Mama wa kitunga anapanda polepole, anakwama, anapanda, na juu yake mistari yako yote, Bintu, na majina yako yote, kwa herufi. Wakaanza kusoma kwa sauti, kama mu darasa. «Mvua ya Kadutu!» «Matope bila huruma!» «Bila freni, huyu ni Déo, motari wetu!» Wanacheka, wanasukumana. Kisha mama akafika ku kona ya mwisho, pale pa mwanaume wa kofia, na mu telefone zote, zote mara moja, mustari moja ukarefuka mwekundu kutoka huku mpaka kule, ukafunika kioo nzima, na jina lake:

tonton_na_mamba_yake

Bintu! Nilikuwa ningali juu ya kiti!

Uwanja ulipasuka. Shangazi yako alikaa chini, mu majani, na liputa yake mupya. Padri akageuka ku ukuta, mabega yanatetemeka. Na mutu moja akasema kwa nguvu: «Kumbe ni Bisimwa anachelewesha wote! Hata mu telefone!» Nikataka kushuka, kiti kikakataa.

Na mimi nikamusikia dada yangu. Alikuwa karibu na mlango, telefone ya jirani mukononi, anacheka. Kicheko kile cha zamani, cha kupiga makofi ku mapaja. Akasema, na wote wakasikia:

«Huyu Bintu alikujua wewe! Bintu alikujua mpaka mu mifupa!»

Akataja jina. Mara mbili. Watu wakamuacha aongee. Akaangalia tena kioo, akauliza kwa sauti ndogo: «Na mimi? Mimi hakuniweka?»

Akonkwa akaweka bidoni chini, akaenda kusimama kando yake, akaonyesha na kidole. Chini kabisa ya mistari yote kulikuwa moja mufupi, kijani, haugeuki rangi hata mvua ikinyesha namna gani. Ni ile kazi inamutembeza mama wa kitunga, hatua kwa hatua. Jina lake: maman_hachoki.

Hakulia. Nilifikiri atalia. Alipangusa kioo na ncha ya liputa, kama mutu anapangusa uso wa mutoto, akasema: «Hii telefone inachoma. Mutu amuletee Akonkwa chakula.» Akaenda mwenyewe kumupakulia.

Kesho yake Akonkwa alikuja kukusanya daftari za ndani, telefone kwa telefone, lupango kwa lupango, na mimi nyuma yake nikiomba musamaha kwa niaba yako. Mbele hatukuwa tumepima mu telefone nyingi hivyo, moja tu, yangu. Akazisoma siku mbili. Kisha akanikuta hapa dukani, safari hii akakaa, na uso wake ulikuwa unapigana na kicheko.

«Tonton, vipimo havikuwa kosa. Kosa ni wewe.»

Akanielezea. Mwanaume wa kofia, kumbe kila mara kioo kinapepesa, anachukua hadisi zake zote upya kutoka mwanzo, zote, ya Mumosho, ya kamio, ya koti la Minova. Hata kama hakuna mutu mbele yake. Hata kama mama wa kitunga angali Nyantende. Anahadisia hewa! Na karibu ya kona ndipo kazi zingine zinaongezeka, basi kila kitu kinaganda. Ulikuwa umeliona, Bintu? Jina ulilomupa linaniambia uliliona. Ulikuwa unangojea siku ya kunionyesha, na siku ile ikakupita.

Akonkwa akatengeneza: mwanaume asichukue hadisi mpaka mutu asimame mbele yake, na achukue moja tu. Mustari wangu mwekundu ukawa mwembamba kama uzi wa kitufe. Nikamuambia nimetukanwa. Akasema: «Tonton, umeponywa.» Lakini kisha akasema sasa kosa limeonekana, kesho anatosha vipimo, uzi wa kushikiza umemaliza kazi yake.

Ndipo jibu likanijia. Juma mbili nililitafuta na lilikuwa limeninginia mbele ya pua yangu. Nikamushika mukono, nikamupeleka ku ukuta ule wa nyuma, pale pa musumari. Unajua musumari ule. Patro zangu zote ziko pale, karatasi ya kila mutu nilimukatia nguo, na kila moja iko na jina, na bega lake, na alama za kushikiza pande zote. Nikatosha ya muzee moja ambaye alikufa zamani. Nikasema:

«Akonkwa, uzi unatoka mu nguo. Hautoki mu patro. Mwenye nguo anaenda nayo nyepesi, hajui hata ulipita wapi. Lakini patro inabaki na alama zake, juu kesho mutu atanenepa, na nitataka kujua. Moteri ya Bintu ni nguo ao ni patro?»

Akaipokea karatasi ile. Nilimuona anasoma jina la muzee. Kisha akasema neno moja, «Patro», akaenda.

Sasa ukiandika shona muchezo, hakuna kipimo kinaingia, hata harufu yake. Neno «yote» halivigusi tena vipimo; inabidi uviite kwa jina lao. Na ukiviita vyote viwili pamoja, shona inakataa kabisa kushona, inakujibu ku kioo: Tonton, chagua moja. Akonkwa aliandika vile. Ule mutoto anayenyamaza! Nilijaribu mara saba ili tu inijibu.

Ku kituo cha vijana watu walijaa mpaka ku madirisha. Mama wa kitunga alipanda kutoka Nyantende mpaka Kadutu bila kuganda hata pahali pamoja, mu telefone za kila namna, na mu yangu vilevile, pamoja na kioo chake kilichopasuka. Mama yako alicheza. Alifika ku kona ya mwisho, akasimama kusikiliza mwanaume wa kofia mpaka mwisho wa hadisi, ndizi zikaiva, akashindwa, akaanza tena. Nikamuuliza juu ya nini unasimama? Akasema: «Bintu ndiye aliyemuandikia maneno.» Anataja jina lako sasa kila siku, mpaka majirani wamezoea.

Barua hii sitaichoma wala sitaiweka ku kaburi mvua iilambe. Nimeongea na Akonkwa. Ataiingiza mu moteri, mu sehemu yake peke yake, imezimwa. Mwenye kucheza hataibeba, haitachelewesha telefone ya mutu. Lakini siku moja mutu atafungua patro yako, ataona kuko neno lingine anaweza kuomba, ataandika shona muchezo na barua, na mimi nitaanza kuongea.

Lala salama, mwana wani. Nakuahidi: kila mwaka, siku ile ya liputa ya bluu, nitakaa mbele ya ordinateri yako na kushona na vipimo-kioo, hivyo tu, bila kuongeza, tusome majina yako kwa sauti. Na mamba ya Mumosho nitaiacha ku mita tano, vile uliandika.

Sita, kama kuko wageni.

Tonton yako,
Bisimwa, tayeri wa Kadutu, mwenye alivumbua vipimo